Mchuzi umezidi chumvi au umepooza? Tafuta chanzo kabla ya kushika kopo

Juzi saa tano asubuhi binti wa jirani yetu hapa Ngamiani, Tanga, alikuja mlangoni na kibakuli cha mchuzi wa changu, kimefunikwa kisahani.

"Shikamoo mama. Naomba unionjee. Nimeongeza chumvi mara tatu na bado mchuzi haukolei, na wageni wa mume wangu wanaingia saa saba."

"Marahaba mwanangu, lete."

Nikadondosha matone mawili kwenye kiganja cha kushoto, nikayaacha yapoe, nikalamba. Chumvi ilikuwepo, tena imeshafika ukingoni. Kilichokosekana ni uchachu. Nikakata ndimu, nikakamulia kidogo kwenye kibakuli kilekile, nikampa mwenyewe aonje. Aliniangalia, akaonja tena, kisha akachukua ile nusu ya ndimu iliyobaki na kurudi mbio jikoni kwake. Angeongeza chumvi mara ya nne, mchuzi ule ungemwagwa.

Nimeona jambo hili mara nyingi sana. Mchuzi ukipooza, mkono unakwenda kwenye kopo la chumvi. Mchuzi ukizidi, mkono unakwenda kwenye kiazi. Hakuna anayeuliza kwanza mchuzi unaumwa nini. Hapa chini nimepanga dalili jinsi zinavyojitokeza jikoni, na kila dalili na vyanzo vyake.

Kwanza, unaonjaje?

Mchuzi unaotokota hauonjeki. Ulimi ulioungua hausikii chumvi, na hata usipoungua, chakula cha moto sana huficha chumvi yake mpaka kipungue joto. Ndiyo maana mchuzi uliokuwa sawa jikoni unafika mkekani umezidi. Mama zetu walionja kiganjani kwa sababu hiyo: tone likikaa kiganjani ukahesabu hadi kumi, linafikia joto lilelile la tonge linapoingia mdomoni. Kijiko cha chuma hakikusaidii hivyo, kwa kuwa nacho kinashika moto.

Koroga kutoka chini kabla ya kuchota. Chumvi haiyeyuki kwenye mafuta, inakaa kwenye maji. Ukichota ule utando mzuri wa tui na mafuta unaoelea juu, umeonja mafuta, na utahukumu kuwa chumvi haipo. Na usionje mara kumi mfululizo. Ulimi unazoea chumvi haraka, na kila unapoonja unaisikia kidogo kuliko mwanzo. Onja, sukutua kwa maji, subiri kidogo, onja tena. Ukibaki na shaka, mwite mtu ambaye hajashinda jikoni.

Mchuzi umepooza, na hujui kama ni chumvi

Chota mchuzi kidogo kwenye vibakuli viwili. Kimoja kitie punje chache za chumvi, kingine tone la ndimu. Onja vyote viwili. Kile kilichochangamka ndicho kinachokujibu. Jaribio hili linachukua dakika moja na linaokoa sufuria nzima.

Kama chumvi ndiyo iliyochangamsha, basi ongeza, ila kwa nusu kijiko cha chai kila mara. Koroga, acha dakika tatu, onja. Kama ndimu ndiyo iliyochangamsha, tafuta uchachu unaofaa mchuzi wako: ukwaju kwa samaki wa nazi, embe bichi kwa kamba na dagaa wabichi, nyanya iliyoiva sana kwa nyama, ndimu kwa chochote kilichokwisha iva. Uchachu kidogo unaifanya chumvi iliyopo isikike zaidi. Kwenye mchuzi wa nazi utie mwisho, sufuria ikiwa imeshaipuliwa au moto ni mdogo kabisa. Tui huwa linakatika kwa moto mkali, kutokorogwa na uchachu mwingi, ingawa watu hupenda kuisingizia chumvi.

Kama hakuna kibakuli kilichochangamka, weka kopo la chumvi pembeni kabisa. Chanzo kiko kwingine. Huenda bizari ni mbichi: ulitupia juu ya maji badala ya kuikaanga na kitunguu, na ukiinusa inanukia kama vumbi. Kaanga kitunguu kingine kidogo pembeni kwa mafuta, tia bizari, ikitoa harufu mimina kwenye mchuzi. Au kitunguu thomu na tangawizi ni kidogo. Au, na hili ndilo kubwa, maji ni mengi. Mchuzi wa maji mengi utaila chumvi yako yote usikolee. Funua sufuria uache upungue kwanza, ndipo upime chumvi.

Uko sawa kiganjani, umepwaya kwenye sahani

Dalili hii inawachanganya wapishi wazuri kabisa. Unaonja, uko vizuri, unapakua, na kila mtu anaomba chumvi.

Mchuzi hauliwi peke yake. Ugali wetu hautiwi chumvi, kwa hiyo tonge la ugali linagawana chumvi ya mchuzi, na muhogo wa kuchemsha na ndizi vivyo hivyo. Wali wa nazi una chumvi yake tayari, na chapati pia. Mchuzi mmoja ule ule wa kunde utapwaya kwa ugali na kuzidi kwa wali wa nazi. Kwa hiyo onjo la mwisho lisiwe la mchuzi mtupu. Chukua tonge la kile kitakachopakuliwa, chovya, kula. Kwa mchuzi wa kuliwa na ugali mimi huwa naacha chumvi isikike kidogo zaidi kiganjani. Kwa wali wa nazi naacha mchuzi ukiwa bado unadai kidogo.

Mchuzi umekolea, nyama ndani haina kitu

Hapa chumvi ilichelewa. Chumvi inaingia kwenye mnofu polepole, na ukiitia dakika tano kabla ya kuipua inabaki kwenye rojo. Mtu anakula nyama iliyopooza ndani ya mchuzi mkali, anasema mchuzi mbaya, na hajui akulaumu kwa lipi.

Nyama ya ng'ombe na mbuzi ipake chumvi jioni kama unapika kesho yake, au angalau saa moja kabla. Kuku vilevile. Samaki hahitaji muda huo: vipande vinene vya nguru nusu saa inatosha, kibua na tasi robo saa. Samaki akikaa na chumvi muda mrefu anatoa maji na mnofu unakuwa mgumu. Ukimpaka na ndimu, usisahau kwamba maji yale yaliyobaki kwenye bakuli yana chumvi. Ukiyamimina kwenye sufuria, yahesabu.

Mimi nimezoea kuigawa chumvi: nusu kwenye kitoweo tangu mwanzo, punje chache kwenye kitunguu wakati wa kukaanga, na iliyobaki mwisho baada ya kuonja. Ile ya kwenye kitunguu inakitoa maji kilainike bila kuungua, na nayo ni chumvi, inaingia kwenye hesabu.

Kuacha sehemu kwa ajili ya mwisho kuna faida nyingine. Chumvi yenye madini joto inapoteza sehemu ya madini hayo ikichemshwa muda mrefu, na pia ikiachwa wazi kwenye jua au unyevu. Madini joto ndiyo yanayotukinga na rovu, na mama mjamzito anayahitaji kwa ajili ya ubongo wa mtoto aliye tumboni. Kopo la chumvi liwe na mfuniko, na lisikae juu ya jiko linapopigwa na mvuke. Ukinunua chumvi ya mawe inayopimwa kwa kikombe kutoka kwenye gunia, uliza kama imetiwa madini joto. Nyingi inatoka moja kwa moja kwenye majaruba ya chumvi, haijatiwa kitu.

Chumvi imezidi

Hapa nitakaa, maana hapa ndipo vyakula vingi vinapoharibikia. Kabla ya kurekebisha, jua ilizidi vipi, la sivyo kesho itazidi tena.

Chanzo cha kwanza ni maji yaliyokauka. Maji yanapaa, chumvi haipai. Tuseme umeanza na mchuzi wa lita 2, ukatia vijiko viwili vya chai vya chumvi laini, takribani gramu 12. Uko sawa, tena umepooza kidogo. Ukaenda kupokea simu, ukarudi mchuzi umebaki lita 1 na robo. Hukuongeza hata punje, lakini sasa kila lita inabeba karibu gramu 10 badala ya 6. Ukiwa umekolea mwanzoni, hapo umeshapita kiasi. Mchuzi utakaokaushwa uwe mzito usikolezwe mapema.

Cha pili ni kitoweo chenye chumvi yake, na sisi watu wa pwani hiki ndicho kinachotupata zaidi. Nakumbuka pweza niliyemnunua soko la samaki la Deep Sea asubuhi, mkubwa, bado ananata kwenye vidole. Nilimchemsha kama ninavyochemsha nyama, na chumvi kijiko kizima. Pweza hahitaji maji mengi, anatoa yake mwenyewe, mekundu kama ukwaju mwepesi. Nilipokuja kuunga nazi nikaonja yale maji: hayakuwezekana. Sababu yake ni hii. Maji ya bahari yana karibu gramu 35 za chumvi kwa lita. Samaki wa mapezi anajitoa chumvi, damu yake ina kiasi cha theluthi tu ya chumvi ya bahari, ndiyo maana changu anataka kukolezwa. Pweza na ngisi hawafanyi hivyo. Maji ya mwilini mwao yanakaribia kabisa chumvi ya bahari wanamoishi. Pweza mchemshe bila chumvi, onja supu yake, na mara nyingi utakuta kazi imeshafanyika.

Papa mkavu na ng'onda, yaani samaki waliokaushwa kwa chumvi, wana hesabu yao. Loweka usiku kucha, badilisha maji mara mbili au tatu, kisha chemsha dakika kumi na umwage maji yale. Halafu usiamini ngozi ya juu. Kata kipande cha katikati, palipo panene, utafune. Hapo ndipo chumvi inapojificha, na itatoka yote baadaye ndani ya tui lako.

Cha tatu ni vidonge vya kukoleza supu. Karibu nusu ya uzito wa kidonge ni chumvi. Ukitumia viwili halafu ukatia chumvi kama kawaida, umetia chumvi mara mbili. Baadhi ya bizari za pakiti na nyanya za kopo nazo zina chumvi, imeandikwa kwenye karatasi. Mwenye vidonge aanze navyo, aonje, ndipo afikirie chumvi.

Cha nne ni kubadilisha chumvi bila kubadilisha kijiko. Kijiko cha chai cha chumvi laini kina karibu gramu 6. Cha chumvi ya mawe ni chepesi zaidi, kwa sababu kati ya punje na punje kuna nafasi. Aliyezoea chumvi ya mawe, siku akipata ya pakiti atazidisha kwa mkono uleule.

Sasa dawa. Kwa kweli dawa ni moja: kuongeza chakula kisicho na chumvi, au kuondoa kilicho nayo. Vingine ni kuficha.

Kama mchuzi ni lita 1 na chumvi imezidi kwa nusu, unahitaji nusu lita ya tui jepesi au maji moto yasiyo na chumvi. Kama sufuria imejaa, chota theluthi ya rojo, upawa mmoja kwa kila pawa tatu, na ujaze tui au maji kiasi kilekile. Rojo uliyochota usimwage. Itaunga maharage kesho bila chumvi nyingine. Mchuzi sasa utakuwa mwepesi, na hapa wengi wanaharibu: wanaurudisha motoni ukauke uwe mzito. Ukiukausha, chumvi imerudi palepale. Uzito utafute kwa kitu: tui la kwanza, karanga zilizotwangwa, kitunguu kilichokaangwa na kusagwa, au kiazi kilichochemshwa bila chumvi na kupondwa.

Na kiazi kizima je? Nilijaribu siku moja mchuzi wa nyama uliponizidi. Niliugawa sufuria mbili, moja nikatia kiazi kimoja, nyingine nikaiacha, zote nikazifunika kwa moto mdogo mpaka kiazi kikaiva. Nilipoonja kiganjani sikuona tofauti ya kunifurahisha. Kiazi hakifyonzi chumvi na kuacha maji. Kina maji ndani yake, chumvi inaingia humo taratibu, basi ni sawa na kuongeza kikombe kidogo cha maji. Kiazi kimoja kwenye sufuria ya lita 2 hakina msaada. Viazi sita vilivyokatwa vidogo vitasaidia, kwa sababu umeongeza chakula, na sasa unapika mchuzi wa viazi.

Ndimu siipendekezi hapa. Inasaidia mchuzi uliopooza, kwa hiyo inaweza kuifanya chumvi isikike zaidi. Sukari ncha ya kijiko inafunika ziada ndogo kwenye mchuzi wa nyanya, ila chumvi imebaki ndani vilevile, na mwenye presha hatapona kwa kudanganywa ulimi.

Kijiko kimoja kikali, kingine kimepooza

Chumvi ya mawe ilitiwa mwisho, haijayeyuka, imelala chini. Iyeyushe kwenye maji moto kidogo kabla ya kuitia, uchuje na mchanga wake. Basi.

Mchuzi una uchungu

Kama ni uchungu wa biringanya, uwatu au bizari manjano iliyozidi kidogo, punje chache za chumvi zitaupunguza, maana chumvi inazima uchungu. Kama kitunguu thomu kimeungua, hakuna chumvi itakayoupoza. Anza upya.

Mchuzi wa jana

Ukiupasha unakauka, kwa hiyo unazidi. Tia maji au tui kabla ya kuweka motoni, usisubiri uone. Ukiwa na viazi au mbaazi kinyume chake chaweza kutokea: vimekunywa rojo usiku kucha, rojo imebaki kidogo na wewe unajaza maji. Onja baada ya kujaza.

Ramadhani, unapopika bila kuonja

Wapo wanaoonja kwa ncha ya ulimi na kutema, wapo wasioonja kabisa. Kwa hao wa pili kipimo ndiyo ulimi. Mwiko wangu una alama tatu nilizozichora kwa kisu, moja kwa kila lita ya sufuria yangu ya mchuzi. Nilizipata kwa kumimina maji kwa chupa ya lita moja na kusimamisha mwiko wima ndani. Jioni ninausimamisha kwenye mchuzi, nasoma alama, na kwa kila lita natia kijiko kimoja cha chai na nusu cha chumvi laini, kilichosawazishwa kwa kisu, chumvi yote ikiwa imehesabiwa, ya kwenye kitoweo na ya kwenye kitunguu. Mchuzi ukiwa wa kuliwa na wali wa nazi, natia kijiko kimoja na robo. Pima baada ya mchuzi kufikia uzito unaoutaka. Ukipima ukiwa bado una maji mengi, unarudi kwenye kile chanzo cha kwanza cha kuzidi.

Mwenye presha ndani ya nyumba

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, chini kidogo ya kijiko kimoja cha chai, ya vyakula vyote pamoja. Usimpikie sufuria yake, atajiona ametengwa. Pika kwa ile nusu ya kwanza ya chumvi, mchotee bakuli lake, umkolezee kwa ndimu, giligilani na pilipili, halafu ndipo utie chumvi ya mwisho kwa wengine. Vidonge usitumie kabisa siku hiyo.

Sufuria la shughuli

Mchuzi wa watu sita ukizidishwa mara ishirini, chumvi isizidishwe pamoja nao moja kwa moja. Sufuria kubwa linakausha kidogo sana kwa kulinganisha na kilichomo, hivyo mchuzi uliokuwa ukikolea nyumbani kwa kukauka hautakolea kwa njia ile, na hapo mpishi anashtuka na kumimina pakiti nzima. Tia robo tatu ya hesabu ya lita zilizomo, koroga kwa mwiko mrefu mpaka chini, chota bakuli, lipoe, onja na wali wa siku hiyo hiyo. Iliyobaki iyeyushe kwenye jagi la maji moto na umimine kwa kuzungusha, kidogo kidogo, mtu mmoja akimimina na mwingine akikoroga. Na anayetia chumvi awe mmoja tu, ajulikane. Nimeshaona sufuria la kuku likitiwa chumvi na mashangazi watatu, kila mmoja akidhani wenzake wamesahau.